Kadi ya Zuberi

Fundi viatu mmoja, jina lake Nassibu, alikuwa na kadi moja tu. Katika mji wake mpiga picha wa uwanjani alichapa kadi zenye picha za vijana chipukizi wa mpira, na watu walizinunua wakitumaini kwamba kijana akipanda, bei ya kadi itapanda naye. Palikuwa na desturi: mwenye kadi ya kwanza ya kijana ndiye humbebea viatu hadi uwanjani siku ya mechi.

Zamani mtu alikaa na kadi yake miaka. Kisha soko likabadilika. Kadi ikauzwa asubuhi, ikauzwa tena jioni, na vijana wakawa wanaletewa viatu na watu wasiowajua.

Nassibu alishika kadi ya kwanza ya Zuberi. Alimchagua kwa sababu alimshonea viatu, akaona soli zinavyolika: kijana huyu alifanya mazoezi hata siku ambazo hakuna aliyemtazama. Habari zilipoenea kwamba timu kubwa inamtaka, mchuuzi wa kadi alimletea Nassibu cherehani ya kushonea viatu, akaitua mbele yake, wabadilishane. Nassibu alishona kwa mkono tangu ujana, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Aliigusa ile cherehani. Akaomba apewe muda hadi Jumatatu.

Jumapili Zuberi akavunjika mguu.

Mchuuzi alikuja akaondoka na cherehani yake. Watu wakamcheka Nassibu: "Fundi, kadi hiyo sasa ifanye kiraka cha soli!"

Naye akajibu, "Niliichukua akiwa hajafunga hata bao moja. Leo pia hafungi. Kimebadilika nini?"

Tangu hapo, kila Jumapili alivipaka rangi viatu vya Zuberi, akavibeba hadi nyumbani kwa kijana, akaviweka kando ya kitanda, mahali ambapo angeviona. Alivibeba misimu miwili. Msimu wa tatu Zuberi akavivaa. Timu kubwa haikurudi, wala bei haikurudi. Zuberi ni beki wa timu ya mtaa, anachechemea kidogo, na Nassibu bado anashona kwa mkono. Lakini kila anapoingia uwanjani, kijana yule anaujua uso wa aliyembebea viatu.

Nawe uliyeshika kadi ya mwanao, ya mwanafunzi wako, ya ndugu yako: siku atakapolala na mguu uliovunjika, viatu vyake atavibeba nani?