Kwa Nini Watoto wa Mwangalo Hulaza Vipande Kabla ya Kula

Mkiwaona watoto wa Mwangalo wakilaza kipande juu ya kipande na kutazama kingo kabla hawajatia kitu mdomoni, msidhani ni uchoyo. Tulieni, msikie ilivyoanza.

Enzi hizo, Mwangalo hapakuwa na mtoto aliyefundishwa kugawa. Kugawa ilikuwa kazi ya mzee mmoja wa ukoo. Yeye ndiye aliyegawa nyama, asali na mashamba, na alitumia jicho lake tu. Watu wengine walikuwa na maneno mawili, kikubwa na kidogo, na hata hayo hawakuyatamka mbele yake. Walisema jicho la mgawaji halipingwi.

Ikaja njaa. Mtama wote uliobaki ukakusanywa mahali pamoja, na kila asubuhi ukapikwa mkate mmoja wa mviringo katika kaango kubwa, kwa ajili ya nyumba nane za kitongoji cha juu. Mkataji alikuwa mzee Senzota. Hakuwa mtu mbaya. Alikata kama baba yake alivyokata, amesimama upande wa mlango, mkono ukitetemeka kwa uzee. Ila kisu chake kilikuwa na tabia ya kupinda kuelekea upande wa pili, na huko ndiko walikosimama wajane.

Mmoja wao aliitwa Naetwe. Alikuwa na binti, Kalekwa, na mtoto mdogo wa kiume, Kiondo, ambaye bado alibebwa mgongoni. Asubuhi moja Kalekwa alikitazama kipande chao, akamnong'oneza mama yake, "Mama, chetu ni chembamba."

"Nyamaza, mwanangu," Naetwe akasema. "Unataka tufukuzwe?"

Kalekwa akanyamaza. Hakusema tena, wala mama yake hakutaka kuangalia. Alichokipata alikimega, akawapa watoto, yeye akanywa maji. Njaa ikaendelea, na Kiondo akaanza kuwa mwepesi mgongoni. Asubuhi moja Naetwe alimshusha amnyonyeshe, akakuta mtoto amekwisha kwenda.

Walimzika nyuma ya nyumba. Majirani walilia naye, na Senzota mwenyewe alikuja akatupa udongo. Naetwe hakumlaumu mtu. Kilichomla moyo ni lile neno lake, nyamaza. Binti yake aliona kwa macho, naye akamziba mdomo. Na hata kama asingemziba, angesema nini? Kidogo kuliko nini? Kwa kiasi gani?

Matanga yalipokwisha, ilikuwa zamu yake kuosha kaango. Alipolisugua na kulifudikiza, akaliangalia lile duara kwa muda mrefu. Kisha akaenda mgombani, akakata jani bichi, akalibabua motoni ili lisipasuke. Akalilaza juu ya kaango na kulikata kufuata ukingo, likawa duara sawa na mkate. Akamwita Kalekwa.

"Shika ukingo huu. Ulete huku mpaka ukutane na mwenzake."

Wakakunja. Pande mbili zikalaliana, hakuna iliyochomoza. Wakakunja tena, na mara nyingine tena, wakapata kipande chenye ncha, kama kipande cha mkate. Walipolikunjua, mikunjo ilionyesha vipande vinane vinavyolingana. Naetwe akapitisha kidole juu ya mikunjo, na machozi yakamdondoka juu ya jani.

Asubuhi iliyofuata, Senzota alipomaliza kukata, Naetwe alisogea mbele na jani lililokunjwa mkononi. Akapiga goti.

"Baba, kabla hatujachukua, naomba nilaze."

Watu wakaguna. Senzota akakunja uso. "Unanipima mimi, mama Kalekwa?"

"Sikupimi wewe, baba. Napima mkate."

Mzee hakumzuia. Naetwe akalaza jani juu ya kipande cha kwanza, kilichokuwa upande wa mlango. Mkate ukachomoza nje ya jani. Akalaza juu ya kingine. Alipofika upande wa wajane, jani likaufunika mkate, likabaki likining'inia pembeni. Kila mtu aliona, na wote walikuwa wanakumbuka kaburi bichi nyuma ya nyumba ya Naetwe.

Senzota aliangalia mkono wake unaotetemeka. Akaketi chini, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwani, akalia kama mtoto. Baadaye akamwinulia Naetwe kisu. "Kata wewe, binti yangu. Jicho langu limeua."

Naetwe hakukipokea. "Nikikata mimi peke yangu, kesho mtaniogopa mimi," alisema. "Nileteeni watoto."

Akawaketisha chini, wake na wa majirani, akawapa majani. Akawafundisha kukunja nusu, kukunja robo, kukunja thumuni, na kulaza kipande juu ya kipande mpaka kingo zikutane. Kalekwa akapita kati yao akiwashikisha vidole.

Na tangu siku hiyo, mtoto wa Mwangalo akianza shule, kabla hajashika kalamu hupewa jani la mviringo, au karatasi kwa siku hizi, alikunje kwa mikono yake mwenyewe. Anayekata huchukua mwisho. Na mtoto yeyote, hata awe mdogo namna gani, akisema, "Naomba nilaze," mkubwa huweka kisu chini, akangoja.