Aliyelia Mbele ya Picha

Mtu mmoja alikuwa na dada, na dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, wakati mama yao yuko shambani. Mtu huyo aliitwa Fulgensi, na dada yake Skolastika. Walikaa jirani, shamba kwa shamba, mpaka baba yao alipofariki wakaanza kugombania kipande cha migomba kilicho mpakani. Kipande chenyewe hakikuzidi upana wa banda la mbuzi. Fulgensi akaapa kwamba hatakanyaga uani kwa dada yake mpaka dada akiri mbele ya watu kuwa migomba ile ni ya mdogo wake.

Hasira hiyo haijapoa, Evaristi, mtoto wa pekee wa Skolastika, akaangukiwa na mti aliokuwa akiukata. Mama yake alikipakata kichwa chake njia nzima ya kwenda hospitali, nyuma ya gari la kukodi, na kijana akafia mapajani pake. Sasa, kwa watu wale, padri akishabariki kaburi, udongo wa kwanza hutupwa na mjomba wa marehemu. Padri akabariki. Watu wakasubiri, macho yakielekea njiani. Mjomba alikuwa nyumbani kwake, mlango ameufunga, na nyimbo za maziko anazisikia zote. Mwishowe jirani mmoja akainama, akachota udongo. Skolastika hakulalamika kwa mtu, lakini tangu siku ile alikuwa akingoja. Hakutaka kuombwa radhi wala kurudishiwa chochote. Alitaka mdogo wake aje aseme pole, basi.

Mwaka uliofuata parokia yao ilifanya hija kwenye basilika kongwe iliyo mbali na kwao. Fulgensi, ambaye rozari haikumtoka mkononi, alikaa viti vya mbele ndani ya basi, na dada yake akakaa nyuma kabisa. Basilika ile ilijengwa na wamisionari wa zamani kwa mawe ya kuchonga, na ndani yake mna madirisha ya vioo vya rangi na makaburi ya maaskofu yaliyofunikwa kwa marumaru. Fulgensi alipiga magoti kwenye kila kaburi. Aliyapapasa majina yaliyochongwa, akauliza huyu alitoka nchi gani, yule aliugua nini, nani alikuwa naye alipokata roho. Aliwasikitikia kwa dhati watu waliozikwa kabla babu yake hajazaliwa. Msicheke, ninyi mnaonisikiliza.

Pembeni kulikuwa na altare ndogo, na juu yake picha ya Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyeshushwa msalabani, mkono wake mmoja umekishika kichwa kisining'inie. Skolastika alifika pale akasimama, na miguu ikakataa kuondoka. Mahujaji wakajazana nyuma yake, Fulgensi akiwa miongoni mwao, amenyoosha shingo. Ndipo akafungua kinywa kusema na dada yake, mara ya kwanza tangu msiba.

"Dada, sogea kidogo, unatuzibia. Na sisi tumetoka mbali kuja kumwona Mama."

Skolastika alikuwa ameshageuka kwa neno lile la kwanza, kwa kuwa alidhani pole yake imefika. Akasogea. Fulgensi akaingia mahali pake, akamtazama yule mama aliyefiwa, akalia mpaka mabega yakatikisika. Wenzake wakamshika mkono kumfariji. Na machozi yale yalikuwa ya kweli, wala sisemi alijifanya. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda jinsi moyo wake ulivyolainika mbele ya picha ile, na watu wakampigia makofi. Skolastika alikuwepo, akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akamwendea mwenyekiti wa kitongoji, akamwambia kile kipande cha migomba amemwachia mdogo wake, akichukue chote, maana yeye hana tena anachokingoja upande ule. Akapanda miti ya ua kwenye mpaka mpya, akaishonanisha, na ile njia ya miguu waliyopitia tangu utoto ikafungwa.

Fulgensi aliposikia habari hiyo alifurahi mno. Hakuuliza kwa nini dada amekubali. Aliwakusanya watoto wake, wakasali sala ya shukrani, akawaambia kuwa maaskofu wa basilika wamemwombea na Mungu amemsikia.

Sasa niambieni, ninyi mnaorudi hija na macho mekundu: mtu huyu alisikiwa, au aliachwa?