Kwa Nini Marimba Haina Utamu Kamili

Mwenye sikio kali huniuliza kwa nini marimba zetu, hata zikichongwa na fundi hodari, huacha ukakasi kidogo masikioni. Si kosa la fundi. Tulieni niwaeleze, na anayetaka kucheka akachekee nje.

Zamani, kabla ya mababu wa mababu zetu, marimba ilichongwa kufuata sauti ya mtu mmoja, mwenye nyumba. Yeye aliimba, fundi akachonga kila ubao mpaka ukalia kama yeye. Mapengo kati ya sauti na sauti hayakulingana. Mengine mapana, mengine membamba, kama mwenyewe alivyozoea kuimba. Ilikuwa tamu ajabu, lakini kwa watu wa nyumba ile tu. Zikipigwa marimba za nyumba mbili pamoja, hata mbwa walihama. Kwa hiyo siku ya mavuno kila nyumba ilipiga kwa zamu.

Basi palikuwa na mjane asiye na mtoto, jina lake Semeni. Mumewe, Mbelwa, alimwachia marimba yenye sauti yake, na kila alipoipiga nyumbani alimsikia Mbelwa waziwazi. Lakini siku ya mavuno alipiga bila wa kumwitikia, watu wakitazama chini kwa huruma. Miaka saba ilipita hivyo. Upweke ulimchosha kuliko jembe.

Mwaka wa nane akamwendea jirani yake, Mkunde. "Dada, niitikieni hata wimbo mmoja."

"Tungependa, mwenzangu," Mkunde akajibu. "Lakini marimba yako inaimba Mbelwa. Sisi wengine tuingilie wapi?"

Semeni akarudi nyumbani, akashika kisu, akazichonga upya mbao za marimba. Pengo pana akalipunguza, jembamba akaliongeza, mpaka yote yakawa sawa. Hakuna lililobaki tamu kabisa, wala lililokuwa baya. Sasa wimbo uliweza kuanzia ubao wowote, chini kwa wenye sauti nene, juu kwa wenye nyembamba.

Mavuno yale kijiji kizima kiliimba naye mpaka sauti zikakauka. Aliporudi kwake akaupiga polepole wimbo wa mumewe. Mbao zililia vizuri. Mbelwa hakuwamo. Akaupiga tena, kisha akalia.

Na tangu siku hiyo marimba zote huchongwa kwa kipimo cha Semeni, nasi twaimba pamoja harusini na matangani. Yeye mwenyewe, wanasema, alipiga kila alipoitwa, hakukataa hata mara moja. Nyumbani kwake hakupiga tena.