Moshi wa Jiko la Somoe

Penzi lisilo na moshi halijapikwa. Ndilo neno alilolisema shangazi yenu aliposoma hadithi ya mapenzi aliyoiandika Nasra, akamrudishia daftari, Nasra akanuna. Nanyi mnaniuliza moshi umeingiaje kwenye mapenzi. Kaeni basi, niwaambie ulikotoka.

Zamani huko kwetu, binti akiolewa alishonewa mkeka wa ndoa. Siku ya kuunganisha ukili, ile mikanda iliyosukwa kwa majani ya miyaa, wanawake walimwita msimuliaji, naye aliwasimulia mapenzi ya babu na bibi wa bi harusi huku wao wakishona. Ukili wa mwisho haukutiwa mpaka bibi mwenyewe aseme, "Ndivyo." Asiposema, mkeka haukuisha, na bila mkeka bwana harusi hakuondoka na mke, hata angekuja na ngoma za wilaya nzima.

Ilipofika zamu ya Zamda, mjukuu wa Bi Somoe, aliitwa kijana mmoja, Mbaraka, fundi wa maneno laini. Akaanza. Somoe alikuwa mzuri kama mwezi wa kumi na nne. Ausi alipomwona tu, akasahau njia ya kwao. Wakaoana. Kila jioni Ausi alimletea mkewe asumini. Hawakununiana, hawakujibizana, sauti zao hazikuvuka ukuta.

Somoe alishika sindano yake, akasikiliza. Kwanza alidhani kijana anatania. Kisha akamtazama mumewe, Mzee Ausi, aliyekaa barazani na wanaume, anatikisa kichwa kwa raha kama mtu anayeombewa dua. Hasira ikampanda. Asumini! Mwanamume huyu hajui hata mti wake ukoje.

"Wakaishi hivyo mpaka leo," Mbaraka akamaliza. "Bibi, ndivyo?"

Somoe akaichomeka sindano yake kwenye ukili.

"Bi Somoe, ndivyo?"

"Sivyo."

Sindano zote zikasimama. Wifi yake akamnong'oneza, "Wifi, sema tu. Watu wa bwana harusi wako njiani, pilau limeshaiva."

"Lipoe."

Mbaraka akacheka kidogo. "Bibi, hadithi ya mapenzi inataka utamu. Watu wamekuja kufurahi."

"Utamu huo umeuokota wapi? Nani kakupa maneno haya?"

Kijana akamtupia jicho Mzee Ausi barazani. Somoe akasimama, miyaa ikamdondoka mapajani.

"Baba Shaweji!"

Barazani vichwa vyote vikageuka. Miaka yote Ausi aliitwa Baba Rukia, kwa jina la binti yao, mama yake Zamda. Hilo jina jingine vijana hawakuwahi kulisikia.

"Mke wangu," Ausi akasema, "nilitaka wajukuu waone tulivyopendana."

"Na mwanangu Shaweji yuko wapi humo? Surua ilimchukua, wewe uko huko kwenye mashamba ya mkonge, hatukupata salamu wala habari. Nilimzika na majirani! Na mimi niko wapi humo? Huyo anayechekacheka na asumini kichwani ni nani? Simjui. Kama ndiye uliyempenda, nenda kamwoe!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Somoe hakucheka. Akamgeukia msimuliaji.

"Na wewe! Ukimwondolea mtu hasira zake, umebakiza nini cha kusimulia? Mke asiyekuwa na sababu ya kuondoka, utajuaje kama alibaki kwa kupenda? Anza upya. Anza huyu aliporudi."

Mbaraka akasogea karibu. "Aliporudi ilikuwaje, bibi?"

"Nilimfungia mlango. Sikumpa neno, sikumpa maji."

Mzee Ausi akainuka, akaja polepole mpaka walipo wanawake. "Niliingia jikoni kwake uani," akasema. "Niliambiwa tangu msiba hali kitu, nikataka kumpikia uji. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukajaa ua mzima, uji ukaungua chini, juu mbichi. Nililia, nikasingizia moshi."

"Nilimsikia toka ndani, nikajua ni uongo," Somoe akasema. "Nikatoka na mwiko nimpige. Nikamkuta anapuliza moto, macho mekundu, anaita jina la Shaweji."

"Ukamwacha?" Mbaraka akauliza.

"Nikampiga."

"Alinipiga," Ausi akakubali.

"Kisha nikakaa, nikachochea moto mwenyewe. Tukaunywa ule uji. Ulikuwa mbaya!"

Sauti ya Zamda ikatoka nyuma ya pazia. "Bibi, hapo ukamsamehe?"

"Siku ile? Thubutu! Nilikunywa naye uji tu. Msamaha ulikuja baadaye, kwa miguu, tena unachechemea. Na leo kidogo urudi ulikotoka."

Mbaraka akaisimulia tena tangu mwanzo. Safari hii Shaweji alikuwamo, na mlango uliofungwa, na mwiko. Hakuna aliyetaja pilau tena. Wifi mtu alifuta macho kwa ncha ya kanga, sindano ikamdondoka asiitafute.

"Bi Somoe, ndivyo?"

Somoe alikuwa bado amekunja uso, wala hakumtazama mumewe.

"Ndivyo. Shoneni."

Ukili wa mwisho ukatiwa. Zamda alipokuwa akitoka na mkeka wake, bibi yake akamshika mkono, akamwambia neno lile la penzi na moshi, nalo likabaki vinywani mwa watu mpaka likatufikia sisi.

Haya Nasra, fungua daftari. Huyo kijana wako na huyo binti wako wanatazamana tu tangu ukurasa wa kwanza. Waingize jikoni, uwape kuni mbichi. Penzi lisilo na moshi halijapikwa.