Tuta la Ubaoni

Tuta la ubaoni halizuii maji. Mmeisikia methali hii leo, wajukuu wangu, mkataka kujua ilitoka kinywani mwa nani. Basi sikilizeni ilivyoanza.

Huko milimani Usambara palikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Kaoneka, mama aliyeipenda kazi yake. Mwaka huo aliwafundisha darasa la sita namna ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Alichora matuta ubaoni, wanafunzi wakayanakili, na kwenye mtihani hakuna aliyekosa. Akafurahi.

Wiki ileile ikanyesha mvua kubwa. Udongo wa shamba la shule ukaporomoka hadi kwa jirani wa bondeni, Bi. Mbonea, ukafukia maharage yake yaliyoanza kuchanua. Mvua ilipokatika, akapanda shuleni, matope hadi magotini.

"Mnajua mmenifanyia nini?"

"Huo ni mmomonyoko!" darasa zima likaitikia. "Huzuiwa kwa matuta ya kukinga mteremko!"

Bi. Mbonea akautazama mchoro, bado haujafutwa. "Wanangu, tuta la ubaoni halizuii maji."

Mwalimu aliona haya. Miaka kumi na moja alichora matuta, wala hakuwahi kuchimba hata moja.

"Utusamehe, mama," akasema. "Hivi la ardhini mtu huanzia wapi?"

"Njooni kesho na majembe. Mtaniondolea kwanza udongo wenu, kisha tutaona."

Kesho yake, walipomaliza kuuondoa, Bi. Mbonea alifunga miti mitatu mfano wa herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. "Jiwe likitulia katikati, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Hapo ndipo tuta lipite."

Baadhi ya watoto wakaona jiwe linawachelewesha, wakakisia kwa macho. Mvua iliyofuata ikalipasua tuta lao.

"Mwalimu, mbona la wenzetu limesimama?"

Aliwapa jiwe wakapime wenyewe.

Masika ya mwaka uliofuata, Mwalimu aliingia darasani mvua ikimwagika, akakuta madawati matupu. Akatoka mbio. Wanafunzi walikuwa mteremkoni, wameloa chapachapa, wakiziba ufa wa tuta la juu kabla maji hayajaupanua. Hakuna aliyewatuma. Bondeni, maharage ya Bi. Mbonea yalikuwa yamesimama. Mwalimu akavua viatu, akashika jembe.

Ndiyo maana mtu akijisifu kwamba anajua, na mkono wake haujaigusa kazi, watu humwambia: tuta la ubaoni halizuii maji.