Kisima Kikavu Kina Ndugu

Kisima kikavu kina ndugu.

Mmelisikia neno hilo leo pale kwa Bi Tatu, alipomkataza mwanawe asitupe taka kwenye kile kisima cha zamani, mkatazamana, mkacheka. Kisima na ndugu, wapi na wapi. Haya, kaeni kitako, na wewe mwenye simu izime kidogo, haitakimbia. Wanaosema methali ni wengi, wanaojua imetoka wapi ni wachache, na hii wengine wangependa isiulizwe kabisa. Ilianza hivi.

Kulikuwa na mji ukiitwa Mtungujani, upande wa maweni, kule ambako ukipiga jembe hupati udongo, unapata cheche. Huko mtu hajivunii shamba wala ng'ombe. Anajivunia kisima. Maana kisima cha maweni hakichimbwi, kinachongwa. Unawasha moto juu ya jiwe mpaka linaiva, unalimwagia maji linapasuka, ndipo unaingia na mtaimbo na tindo, shibiri kwa shibiri, mwaka mzima, na mara nyingine miwili. Na kilikuwa na ada yake. Kisima kipya kikitoa maji, mwenyewe hanywi. Ndoo ya kwanza anajitwika, anazunguka nayo kwenye visima vya wakubwa, kila kisima anakimiminia kata moja. Wenyewe wakiita kuamkia, kwamba kisima kidogo kinawaamkia wakubwa zake. Baadaye watu wakaona ni mambo ya kishamba, wakaiacha. Hata wazee hawakuweza kuwajibu, kwa sababu nao hawakujua ilikuwa ya nini. Walijua inafanywa tu.

Sasa hapo Mtungujani alikuwepo mtu akiitwa Vuai Mcha. Mrefu, mkavu, maneno yake ya kuhesabu. Kisima chake kilichongwa na babu yake, na maji yake yalikuwa matamu hata watu wa miji ya mbali wakiwa na harusi walikuja kuyachota ya kupikia pilau. Walisema mchele unachambuka wenyewe. Mimi sijui, pilau ni mkono wa mpishi, lakini ndivyo walivyosema. Vuai hakutaka chochote kwa mtu. Alichotaka ni kukaa asubuhi juu ya jiwe lake pale kando, aamkiwe. Shikamoo mzee Vuai. Marahaba, teremsha ndoo taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa shibe yake.

Mkewe alikwishakufa. Alibakiwa na mtoto mmoja, Mwanakheri, aliyeolewa hapo hapo mjini, na Mwanakheri akamzaa Mize, akampa jina la marehemu mama yake. Mize huyo alikuwa wa miaka minne, ulimi mwingi, na kila asubuhi lazima aje anywe maji ya babu. Kikombe hataki. Anataka kata kubwa ile ya kifuu, inayomfunika uso wote, maji yanamwagika kifuani mpaka miguuni. Vuai alikuwa hacheki hata harusini, lakini hapo alicheka.

Jirani yake alikuwa Ame Pandu, mtoto wa ami yake, mdogo kwake kwa umri. Kati ya kisima cha huyu na cha huyu ni hatua mia mbili. Ame alikuwa mchapakazi, na hakuwa mtu mbaya, hilo nawaambia mapema msije mkamhukumu bure. Alinunua mashine ya maji, akalima tungule, hizo wengine huita nyanya, na matikiti kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe. Mashine inaanza alfajiri, inanyamaza magharibi. Magari yakawa yanakuja kupakia. Mji mzima ukamsifu.

Mwaka wa kwanza wa mashine, Vuai aliongeza kamba yake pima moja. Mwaka wa pili akaongeza mbili. Kiangazi cha mwaka wa tatu ndoo ilishuka, ikagonga jiwe, ikapanda na mchanga. Akaiteremsha tena. Ikapanda na mchanga. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakajitwika ndoo zao tupu, mmoja mmoja, wakaelekea kwa Ame.

Vuai alimfuata Ame shambani, akamkuta na vibarua wake wanapanga tungule kwenye matenga.

"Ame, mdogo wangu," akamwambia, "mashine yako inanikausha."

"Maji yana chapa, kaka Vuai?" Ame akacheka, na vibarua wakacheka naye. "Nionyeshe yaliyo yako nikurudishie. Kisima chako kimezeeka tu. Hata sisi tutazeeka. Njoo uchote kwangu, hapa si kwa mtu mbaya."

Lau angemtukana ingekuwa nafuu. Kumbe alimkaribisha, na kukaribishwa maji na mtu aliyeyamaliza ya kwako, wanangu, kunachoma kuliko tusi. Vuai alirudi nyumbani akaapa hatakunywa maji ya Ame. Akawa anakinga ya mvua kwenye pipa, yakiisha anakwenda kuomba mji wa pili. Lakini Mwanakheri ana nyumba, ana mume, ana mtoto. Yeye alichota kwa Ame kama wenziwe, na Mize akapata kata nyingine.

Basi lile shimo likabaki. Kila Vuai akipita analiona, na kila akiliona moyo unamwenda mbio. Sasa jueni jambo moja. Kwenye maweni, shimo la choo ni kazi ile ile ya kisima. Nyumba nyingi zilikuwa na kishimo kifupi tu, masika kinafurika. Na yeye ana shimo la pima saba, limekwisha kuchongwa, limekaa bure. Akaona akili hiyo. Akamwita fundi, akafunika kwa zege, akajenga kuta za mawe, akatia bati na mlango wa mbao. Kikatoka choo ambacho Mtungujani haijapata kukiona.

Shangazi yake, Bi Mtumwa, alikuja akasimama na mkongojo wake. Akasema babu yao alimwaga jasho lake humo, si pahala pa kufanyia hayo. Vuai akamjibu kwamba babu alichonga maji, na maji hayapo, lililobaki ni shimo, na shimo ni shimo. Majirani wakaja kutazama, wakampongeza. Wawili ambao visima vyao pia vilikauka wakaiga. Na niseme kweli, ndani ya moyo wa Vuai kulikuwa na raha kidogo. Watu walikuwa wanakuja tena kwake.

Masika ya mwaka ule yalikuwa masika hasa. Siku ishirini mvua haikati. Baada yake watu wakaanza kuumwa matumbo. Kwanza nyumba ya Ame mwenyewe, halafu nyumba ya tatu, halafu ya kumi. Jumatano Mize akashikwa. Asubuhi alikuwa anaimba, adhuhuri macho yameingia ndani. Ame ndiye aliyemchukua kwenye gari la tungule, yeye na mama yake, mpaka hospitali, naye kwake ameacha watoto wawili kitandani. Ijumaa asubuhi gari likarudi. Mwanakheri alikuwa amekaa nyuma, mtoto mapajani, amefunikwa kanga.

Kabla masika hayajaisha walikwisha kuzika wanne. Mize alikuwa wa kwanza.

Siku ya maziko yake, kule mavani, watu wamesimama, Vuai alimwambia Ame kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia, "Ni dawa zako za tungule. Umezimwaga ardhini, zimeingia kisimani kwako, zimemuua mjukuu wangu." Ame naye alikuwa anafikiri hivyo hivyo.

Vuai hakuridhika na kusema. Alitaka ithibitishwe mbele ya mji. Alipanda gari mpaka mji mkubwa, akakaa mlangoni pa ofisi ya afya siku mbili, mpaka wakampa bwana afya, kijana mmoja akiitwa Khatibu, mpole, mwenye miwani. Khatibu alipofika alitaka aonyeshwe visima vyote, kisha akataka na vyoo. Watu wakaona haya kidogo. Vuai akamfungulia mlango wa chake.

"Anza na changu," akasema. "Mimi sina la kuficha."

Khatibu akachanganya unga kwenye maji, yakawa ya kijani ya kung'aa, akayamimina mle. Akasema rangi hiyo haidhuru, ni ya kufuatia njia ya maji. Hakumimina pahala pengine siku ile. Akasema wangoje.

Siku ya tatu asubuhi mji ulikusanyika kwa Ame. Vuai alitaka kuchota mwenyewe, ili asije mtu akasema pana hila. Akateremsha ndoo, akaivuta, akaiweka juu ya ukingo. Maji yalikuwa ya kijani kama jani changa la mgomba.

Vuai akayamwaga, akateremsha tena. Kijani. Akateremsha mara ya tatu, kamba inamponyoka.

"Umetia na humu," akamwambia Khatibu.

"Sikutia humu, mzee. Ulikuwa umesimama na mimi."

"Changu kimekauka. Kikavu kabisa. Kitu kikavu kinafikaje huku?"

"Kilikauka pale ulipoweza kuona," Khatibu akasema. "Chini jiwe hili ni kama sega la nyuki, tundu limeshikana na tundu. Masika maji yamepanda, yamekuta uliyoyaweka, yameyachukua. Na mashine ya Bwana Ame inavuta kutwa. Wewe umetia, yeye amevuta."

Mwanakheri alikuwa amesimama mbele, mikono kifuani. Alimtazama baba yake, akatazama ndoo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kata," akasema. "Alikuwa hawezi kuinyanyua ikijaa, nikimshikia."

Ame akaenda akaizima mashine, na kimya kilichoingia hapo, wanangu, watu wa Mtungujani walisema walikuwa wamekisahau kinavyokuwa.

Kesho yake Vuai alichukua mtaimbo akaivunja zege yake mwenyewe. Akaingia mle shimoni, akaanza kuzoa kwa ndoo. Watu walipita mbali wamefunga pua. Siku ya tatu Ame alikuja akashika kamba juu, akawa anavuta. Siku kumi na moja walifanya hivyo, huyu chini, huyu juu, mpaka wakafika kwenye jiwe. Wakalisugua, wakamwaga chokaa gunia kwa gunia. Wale wawili walioiga nao wakazoa vya kwao.

Khatibu akaja kupima baada ya vuli. Maji mabaya. Akaja mwaka uliofuata. Mabaya, na sasa hata kisima cha msikitini, hata cha skuli. Akavitia alama nyekundu vyote. Kilichokwisha kuingia kwenye matundu ya jiwe huwezi kukizoa kwa ndoo. Ame akajaribu kuchonga kipya upande wa pwani, akafunga mashine pale, na mwezi wa pili majani ya tungule yakaungua pembezoni. Akaonja maji. Chumvi.

Tangu hapo Mtungujani maji yanaletwa na gari, likija. Watu wakaanza kuhama, nyumba moja moja, bila kuagana sana. Mumewe Mwanakheri naye alimchukua mkewe kwa watu wake, mbali. Siku ya kuondoka Mwanakheri alikuja kwa baba yake, akamwamkia, akambusu mkono, akamwachia dumu moja la maji aliyoyapata kwenye gari. Hakumlaumu. Vuai alingoja alaumiwe mpaka gari likapotea, na maji yale hakuyanywa. Aliyamwaga kwenye kaburi la Mize.

Sasa siku moja akaja mtu kutoka mji mwingine wa maweni, Makungu Ali. Sifa ya kile choo ilikuwa imesafiri kuliko habari ya vifo, ndivyo sifa zilivyo. Akamkuta Vuai amekaa kwenye jiwe lake, akamwamkia kwa adabu, akasema yeye naye ana kisima kilichokauka, amesikia mzee alikifanyia choo kizuri sana, angependa kumjua fundi wake.

Vuai akamwonyesha pale shimo lilipo.

"Kisima kikavu kina ndugu," akasema.

Makungu akatabasamu, akidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. "Ndugu zake nani, mzee?"

"Cha Ame nduguye. Cha msikitini nduguye. Cha skuli nduguye. Nilikitia uchafu nikidhani kimekufa, kikaupeleka kwa nduguze. Na mjukuu wangu alikuwa akinywa huko. Rudi kwenu, usikiguse."

Makungu akashukuru, akaaga. Wanasema alirudi kwao akayatafakari maneno ya mzee safari nzima, akaona ni majonzi tu ya mtu aliyefiwa. Fundi alimpata kwingine. Masika yaliyofuata alizika watoto wake wawili, na hapo ndipo naye akaanza kulisema neno lile, na waliolisikia kwake wakalipeleka mbele, mpaka likafika kwa Bi Tatu, likafika kwenu. Neno limetembea hivyo. Maji ya Mtungujani hayajarudi. Kwa hiyo mtu akikwambia kile ni shimo tu, kimekwisha, hakina mwenyewe, tia utakacho, wewe mjibu kama Vuai alivyojibu, na usicheke unapojibu: kisima kikavu kina ndugu.