Kioo cha Simu ya Kilenzi

Barabara ya gari itokayo Morogoro Mjini huishia chini ya kitongoji cha Kilenzi, penye daraja la magogo. Kuanzia hapo safari ni ya miguu: kijia chembamba kinachopanda katikati ya migomba na mikarafuu, chenye utelezi kama kambale mvua inaponyesha, na katika milima ya Uluguru mvua haihitaji kubembelezwa. Mgonjwa wa Kilenzi hushushwa kwa machela mabegani mwa wanaume. Akifika darajani akakuta gari linamsubiri, ni heri yake. Asipolikuta, huachwa mikononi mwa Mungu na wapita njia.

Ndiyo maana kikundi cha akina mama wauza ndizi kilikata shauri kununua simu ya kitongoji. Haikuwa simu ya salamu wala ya umbea. Ilikuwa ya kumwita Geofrey, mwenye gari aina ya Noah katika kijiji cha bondeni, ili kila machela inaposhuka ikute gari darajani. Kuitunza alikabidhiwa Mikidadi, katibu wa kikundi, kijana mtanashati mwenye mwandiko mzuri na ulimi wa asali. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya kilima, mahali pekee ambapo mtandao ulikamata bila kusuasua, na juu ya paa alikuwa na kipande cha sola.

Siku ya kumtuma mjini, Bi Maimuna, mwenyekiti wa kikundi, alimshika mkono.

"Mwanangu, sisi hatutaki makuu. Tunataka simu inayokaa na chaji, inayosikika vizuri, na ikianguka isivunjike. Basi."

"Nimekuelewa, mama. Hilo niachie mimi," Mikidadi alijibu.

Dukani mjini alimkuta Hashimu, muuzaji aliyejua kazi yake na, jambo adimu, asiyependa kumlangua mtu. Hashimu alimsikiliza, kisha akaweka simu mbili juu ya meza ya kioo. Bei zake zilikaribiana. Ya kwanza ilikuwa nene, nzito, haina mbwembwe. Ya pili ilikuwa nyembamba kama ganda la muwa, na ilipowashwa Mikidadi aliguna. Picha ya ndege wa rangi ilijitokeza, na kila unyoya ukahesabika.

"Hii ya pili ni kioo tu, kaka," Hashimu alisema. "Ina pikseli kibao, yaani vile vinukta vinavyotengeneza picha. Lakini hebu zishike zote mbili, uzitazame kama mtu anavyotazama simu."

Mikidadi alizishika kwa umbali wa kawaida. Kusema kweli, hakuona tofauti yoyote. Alipoisogeza ile nyembamba mpaka ikakaribia kugusa pua ndipo alipoona kwamba manyoya ya ndege yamechongoka zaidi kidogo kuliko kwenye ile nene.

"Umeona? Nani anatazama simu kwa pua?" Hashimu alicheka. "Na vinukta vyote hivyo vinakula umeme. Wewe wa mlimani, unayechaji kwa sola, chukua hii nene. Ukiichaji, unaisahau."

Maneno "wewe wa mlimani" yalimchoma Mikidadi kama mwiba. Mle dukani walikuwamo wateja wengine, tena mabinti wawili wa mjini waliokuwa wakimtazama.

"Kwani sisi wa mlimani hatuna macho?" alisema kwa sauti ya kusikika. "Nifungie hii."

Hashimu akaifunga. Alipokuwa akimkabidhi alisema kwa upole, "Basi ukifika nyumbani, zipunguze pikseli. Kuna mahali pake kwenye mipangilio. Jicho lako halitajua, lakini betri itajua."

Kilenzi nzima ilikusanyika kuiona simu. Mikidadi alimpiga picha Bi Maimuna, akaikuza, na kila kunyanzi la uso wake likaonekana kama mfereji wa mvua.

"Umenizeesha, mtoto wewe!" Bi Maimuna alisema, na watu wakaangua kicheko. Kisha akauliza, "Chaji inakaa?"

"Inakaa, mama," Mikidadi alisema. Hakuwa amejua bado.

Chaji haikukaa. Ukungu ulipotanda, sola ilitoa umeme kwa manati, na simu iliyojazwa asubuhi ilikuwa ikihema kufikia alasiri. Mikidadi alikumbuka maneno ya Hashimu, akaingia kwenye mipangilio na kuzipunguza pikseli. Alitazama kioo, akakigeuza huku na huku, hakuona kilichopungua. Na bado, kule kujua tu kwamba kimepungua kulimkera. Kabla ya jua kuzama alikuwa amezirudisha zote.

Kulikuwa na rafiki yake mmoja aliyeitwa Rehani, mkwezi wa mikarafuu. Watu walisema Rehani hapandi mti, anautembelea. Msimu wa karafuu, mashamba yote yalimgombania, kwani alifika kwenye vishada vya kileleni ambako wengine waliogopa hata kutazama. Alipanda huku akiimba, na mkewe Pili chini alijua yuko mti gani kwa kusikia sauti.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Wenye vijisimu vyao walikuwa wameshuka navyo bondeni. Mikidadi alikuwa kibarazani kwake akitazama mpira, mechi ya Ulaya iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja. Nyasi za uwanja zilikuwa kijani mpaka akahisi angeweza kuzishika. Simu ilimwonya mara ya kwanza kwamba chaji inakwisha. Akaufuta ujumbe kwa kidole. Ikamwonya tena, akaufuta tena, akijiambia kwamba kipindi kikiisha tu ataizima. Kipindi hakikuisha. Kioo kilizimika ghafla, kikamrudishia uso wake mwenyewe.

Hakuwa hata ameinuka aliposikia miguu ikipiga tope. Pili alitokea kwenye kona ya nyumba, khanga imemvuka, matope yamemfika magotini.

"Shemeji, piga simu! Rehani ameanguka! Mfupa umetoka nje, shemeji, damu... Mwite Geofrey, wanamfunga kwenye machela sasa hivi!"

Mikidadi alisimama na simu mkononi. Angeweza kusema kweli. Ukweli ulikuwa na maneno mawili tu: imezima chaji. Angeyasema, Pili angekimbia njia nyingine, angemtuma mtu mwenye mbio ashuke bondeni mbele ya machela. Lakini Mikidadi aliyaona macho ya yule mwanamke, akaona haya. Akaiweka simu iliyokufa sikioni, akajifanya anasikiliza.

"Mtandao umekata," alisema.

"Jaribu tena, shemeji! Jaribu tena!"

Akabonyeza kioo cheusi, akageuka upande ili Pili asikione, akaiweka tena sikioni. "Haipatikani. Nendeni tu, nitaendelea kupiga."

Pili alimwamini. Aliteremka mbio kuwahi machela akijua kwamba nyuma yake kuna mtu anayehangaika kwa ajili yao.

Darajani hapakuwa na gari. Wanaume waliitua machela chini ya mvua, wakangoja, wakiamini kwamba mtandao ukirudi Noah itatokea wakati wowote. Hawakumtuma mtu kumfuata Geofrey. Wangemtuma wa nini, ilhali Mikidadi anapiga? Walingoja mpaka wakakata tamaa, na gari lililowachukua hatimaye lilikuwa lori la matofali lililopotea njia. Hospitali walifika giza limeingia. Siku chache baadaye mguu ule ulikatwa chini ya goti. Daktari alimwambia Pili kwamba kidonda kilikuwa kimekaa muda mrefu na tope ndani yake. Wangewahi, pengine wangeuokoa. Daktari alisema "pengine" tu, na neno hilo ndilo lililomfuata Mikidadi kitandani, shambani na msikitini.

Rehani alirudishwa Kilenzi akiwa amebebwa. Watu walipoanza kunong'ona kuhusu simu, yeye mwenyewe ndiye aliyewakata kauli.

"Msimwonee Mikidadi. Mtandao si wa baba yake. Mtu alihangaika mpaka akachoka, angefanya nini zaidi?"

Laiti Rehani angemtukana! Tusi lingekuwa dawa. Kila neno jema lilimwingia Mikidadi kama chumvi kwenye jeraha. Alianza kupita njia ya mbali ili asikatize mbele ya kibaraza chao. Siku moja Pili alimfuata na chane la ndizi mbivu. "Pokea, shemeji. Siku ile hatukupata hata nafasi ya kukushukuru." Mikidadi alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia ndani na kuzitazama mpaka zikaoza. Hakumenya hata moja.

Uongo haukai peke yake, huzaa. Katika mkutano wa kikundi, Bi Maimuna alisimama akiwa na uchungu.

"Mtandao huu umetukatia mguu wa kijana wetu. Twende mjini, ofisini kwa kampuni ya simu, wakatueleze. Mikidadi atazungumza, ndiye aliyepiga."

"Na mimi nitakwenda," Rehani alisema. "Wauone huu mguu kwa macho yao."

"Utateremkaje, baba?" Bi Maimuna aliuliza.

"Kwa magongo yangu."

Asubuhi ya safari, kijia kilikuwa kimeloa. Mikidadi alikuwa mbele, karatasi ya malalamiko mfukoni, iliyoandikwa kwa mwandiko wake mzuri. Nyuma yake, walikokuwa Rehani, Pili na Bi Maimuna, alisikia magongo yakitafuta pa kukanyaga: chubwi, chubwi, kimya, chubwi. Yule aliyekuwa akipanda hadi vileleni huku akiimba sasa alikuwa akiomba ruhusa kwa kila jiwe. Walipofika penye mteremko mkali, gongo moja liliteleza. Rehani alianguka chali, kile kipande cha mguu kikagonga mzizi, na akatoa sauti ambayo Mikidadi hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mwanaume.

Pili alipiga magoti kumwinua. "Turudi, mume wangu."

"Hatua chache tu zimebaki," Rehani alisema huku jasho likimtoka. "Nisaidie. Mikidadi, ndugu yangu, nishike huku."

Mikidadi hakumshika. Aliketi palepale kwenye tope na suruali yake ile ya mjini.

"Msiende," alisema. "Mtandao haukukata."

Wote walimgeukia. Ilibidi aendelee. "Ulikuwepo. Simu ilizima chaji. Niliimaliza mimi. Pili aliponikuta ilikuwa imekufa, nami niliiweka sikioni nikamdanganya. Sikupiga. Hata mara moja sikupiga."

Migomba ilidondosha maji. Pili alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi huyu, kisha akamgeuzia mgongo na kumshika mumewe vizuri.

Rehani ndiye aliyezungumza, tena kwa sauti ya kawaida. "Ulikuwa unatazama nini?"

"Mpira."

"Nani alishinda?"

Mikidadi alifungua kinywa. Akatafuta kichwani, akatafuta tena. Hakujua. Hakuwahi hata kuuliza. Alihisi uso unawaka, akauficha mikononi kama mtoto, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Uluguru, ambayo kila masika humeguka bila kuombwa, siku ile ilitulia tuli.

Bi Maimuna alinyoosha mkono. "Lete simu."

Aliipokea, akaiwasha, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa asubuhi. Kioo kilimeremeta kama maji ya kijito. "Na kweli ni nzuri," alisema taratibu. "Mwenye macho hawezi kukataa."

Walirudi wote. Kesho yake Bi Maimuna alishuka mjini mwenyewe, akaibadilisha kwa ile nene isiyo na mbwembwe. Katibu mpya alichaguliwa, na simu akapewa Pili. Lakini mtandao ulikuwa hauhamishiki. Ulikamata kwa Mikidadi tu. Kwa hiyo wanaume walijenga kibanda kidogo uani kwake, na kila asubuhi Pili hupanda kilima, hupita mbele ya kibaraza chake, hufungua kufuli na kuitazama chaji. Mikidadi humwamkia. Pili huitikia, kwani amelelewa, lakini neno "shemeji" halijarudi kinywani mwake.

Msimu uliofuata wa karafuu, Mikidadi alikwenda kwa Rehani akaomba kupanda badala yake. Tangu utotoni aliogopa kupanda juu. Rehani alimkubalia kwa kichwa. Huketi chini ya mkarafuu, magongo pembeni, akimwelekeza tawi la kukanyaga na tawi la kuepuka, na Mikidadi hupanda akitetemeka, huchuma vishada vichache vya chini, hushuka. Wenye mashamba hucheka wakiona kikapu kilivyo chepesi. Yeye hukivumilia kicheko. Kuna siku Rehani humwambia "vizuri", na siku hiyo Mikidadi hurudi nyumbani kichwa chini zaidi kuliko siku nyingine.

Hadi leo, ile simu nyembamba ikitajwa mbele ya Bi Maimuna, yeye huwa na jibu moja tu. Wasikilizaji hudhani anasema juu ya simu. Mikidadi, aliyekuwa mtanashati wa Kilenzi, mwenye mwandiko mzuri na ulimi wa asali, huinamisha uso, maana anajua vyema anayesemwa ni nani Bi Maimuna anapotamka methali ile: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.